Subnautica: bahari hii inatosha? Vidokezo kwa anayetaka kuzama

Kila Subnautica inapowekwa punguzo, swali ni lilelile: humo ndani kuna vitu vya kutosha, au nitalipa, niogelee jioni mbili, kisha nibaki natazama samaki? Si swali la kijinga. Gemu hii haina mechi za kila wiki, haina msimu mpya, haina mavazi ya kununua. Unaanguka na chombo chako cha uokoaji kwenye sayari ya maji iitwayo 4546B, meli yako Aurora inawaka moto kwa mbali, na kazi yako ni kubaki hai na kutafuta njia ya kuondoka. Basi.

Jibu langu: inatosha, tena sana, ila mara moja tu. Vidokezo hivi ni vya kukusaidia usiipoteze hiyo mara moja.

1. Usipime kwa kilomita

Ukitazama ramani peke yake utaona umepunjwa. Eneo lote la kuogelea ni kilomita chache tu kila upande. No Man's Sky, iliyotoka 2016, inajivunia sayari zaidi ya kwintilioni 18, yaani 18 ikifuatwa na sifuri kumi na nane. Ukiziweka mbili hizi kwenye mizani ya ukubwa, Subnautica haionekani hata kwa darubini.

Lakini zile sayari kwintilioni zinatungwa na kanuni za hesabu, na baada ya kutembelea kadhaa unaanza kuzikisia kabla hujatua. Unknown Worlds, studio ya Marekani iliyotengeneza Subnautica, ilikwenda njia nyingine. Kila mwamba, kila pango na kila msitu wa mwani umepangwa na mtu aliyekaa akafikiria utaingilia upande gani na utaona nini kwanza. Kisha wakaijenga ramani kwenda chini. Unaanzia kwenye maji ya kina kifupi yenye jua na matumbawe. Pembeni kuna misitu ya mwani mrefu, halafu nyanda za majani mekundu, halafu chini ya nyanda hizo mapango ambayo kwa juu hukujua yapo, na chini ya mapango hayo kuna mambo mengine. Sehemu za mwisho ziko zaidi ya mita 1,300 chini. Nikitaja kilichoko huko nitakuwa nimevunja kidokezo changu cha tatu, kwa hiyo naishia hapo. Maji usiyoyafika hujui wingi wake, na waliounda gemu hii wameutegemea ukweli huo kuanzia dakika ya kwanza.

2. Jua saa zako zitaliwa na nini

Mchezaji wa kawaida humaliza hadithi kuu kwa takriban saa 30. Mpenda kuchungulia kila shimo na kujenga hufika 40 au 50. Hesabu ya saa kwa pesa inakubali. Cha kujiuliza ni kama utazipenda kazi zinazojaza saa hizo.

Chukua Seamoth, nyambizi ndogo ya mtu mmoja ambayo kila mchezaji huitamani mapema. Kwanza utafute vipande vyake vilivyotawanyika sakafuni na kuvipiga skana hadi mchoro wa kuiundia ukamilike. Halafu vifaa. Ingoti moja ya titani, ambayo ni titani kumi zilizoyeyushwa. Vioo viwili, kila kimoja kwa kwatzi mbili. Madini ya risasi. Grisi, inayotokana na mbegu zing'aazo za ule mwani mrefu. Na seli ya umeme, inayotaka betri mbili na mpira wa silikoni. Betri nazo? Kila moja ni uyoga wa tindikali mara mbili na shaba moja.

Ukiisoma hivi ni orodha ya kibarua. Ukiwa majini ni kitu kingine. Mwanzoni pumzi yako ni sekunde 45 tu, na mtungi wa kwanza unakuongezea 30. Unazama kutafuta shaba, unaikosa, unaona kitu kinametameta mita kumi zaidi chini ya ukingo, unatazama saa ya hewa, unatazama chini tena. Unajiambia nitashuka kidogo tu. Hapo ndipo jioni yako inapokwendea, na hapo ndipo gemu yenyewe ilipo. Orodha ya vifaa ni kisingizio cha kukutoa ulipozoea.

Ukishaipata Seamoth utaambiwa mwili wake unahimili mita 200. Ukiiboresha hatua kwa hatua inafika 900. Vazi la chuma la Prawn, linalotembea kwa miguu sakafuni, linaanzia 900 na kuishia 1,700. Cyclops, nyambizi ya mita 54 ambayo unatembea ndani yake, unaweka makabati na hata unapanda mboga, inaanzia 500 na kufikia kina hichohicho cha 1,700. Kila kifaa ni ruhusa ya kuingia sehemu uliyokuwa umeiona kwa juu ukaiogopa. Asiyependa kuokota na kuunda asijilazimishe. Saa 30 za kazi hiyo zitamwia adhabu.

3. Ujinga wako ndio mtaji, usiuchezee

Ukisoma kidokezo kimoja tu, kiwe hiki.

Subnautica haikupi ramani. Haina mshale wa kukuonyesha pa kwenda wala alama ya mshangao juu ya kichwa cha mtu, kwa sababu hakuna mtu. Wengi wakifika hapo hukimbilia mtandaoni, wakapata ramani kamili yenye rangi, orodha ya kila kipande na mahali pa kila mnyama mkubwa. Ndani ya dakika kumi wamekula nusu ya gemu waliyoinunua, kisha ndio haohao wanaosema haikuwa na vitu vya kutosha.

Fikiria yule mnyama anayeitwa Reaper. Utamsikia kabla hujamwona: mngurumo mrefu kutoka kwenye maji machafu ambamo huoni zaidi ya pua ya nyambizi yako. Hujui yuko mbele au nyuma, mmoja au watatu, wala kama amekuona. Watu wazima huzima mashine na kwenda kunywa chai. Lakini mtu aliyekwisha kusoma anapozunguka, na kwamba haondoki eneo lake, hana tena mnyama. Reaper wake ni kama trafiki ambaye madereva wote wa barabara ile wanajua anasimama kwenye kona gani: wanapunguza mwendo, wanapita, wanaendelea na maongezi. Mnyama ni yuleyule na sauti ni ileile, ila kilichokuwa kinaujaza mchezo kimekwisha.

Badala ya ramani ya mtu mwingine, tengeneza yako. Boya moja linagharimu titani moja na shaba moja, na unaweza kuliandika jina. Weka kila unapoona mlango wa pango au mabaki ya meli usiyoweza kuyafungua bado. Tengeneza dira mapema. Soma maelezo yanayoingia kwenye kifaa chako cha mkononi kila unapopiga skana, kwa sababu mengi ya unayoyatafuta yametajwa humo kwa lugha ya kawaida, mfano kwamba jiwe fulani hupatikana karibu na mwani fulani.

Ukikwama kweli, na kuna mahali wengi hukwama, hasa kutafuta vipande vya vyombo vikubwa, mwulize mtu aliyecheza. Mwombe mwelekeo tu. "Nenda kaskazini, zidi kushuka" inatosha. Akianza kukusimulia, mkatize.

4. Tengeneza redio mapema

Chombo chako cha uokoaji kina redio mbovu. Kuitengeneza kunahitaji kifaa cha ukarabati, na kifaa hicho kinahitaji salfa inayopatikana ndani ya viota vya samaki wadogo wekundu wanaokurukia na kulipuka usoni. Inaudhi. Fanya hivyohivyo.

Hadithi ya gemu hii haisimuliwi kwa filamu za katikati. Inakujia vipande vipande: ujumbe wa redio kutoka vyombo vingine vya uokoaji, shajara za sauti za watu watatu wa meli iitwayo Degasi walioanguka hapo miaka kumi kabla yako, milango iliyofungwa ndani ya Aurora. Kila ujumbe unakutuma mahali fulani, na mahali hapo ni kidogo zaidi ya ulipozoea kufika. Mtu anayeiacha redio anaweza kuogelea saa nyingi kwenye maji ya juu akijenga na kuvua, akadhani ameimaliza bahari.

Utafika wakati redio itakupa miadi na kuanza kuhesabu muda kurudi nyuma. Acha unachofanya, uende, ufike mapema, uwe umekula na kunywa. Nakuachia mengine.

5. Usitafute bunduki

Ya risasi haimo. Utapata kisu, bunduki ya kugandisha viumbe kwa muda, na vifaa vya kuvuta au kusukuma vitu. Cha kuua wale wakubwa kwa urahisi hakuna. Charlie Cleveland, aliyeongoza utengenezaji wake, amewahi kueleza hadharani kwamba uamuzi huo uligusana na mauaji ya shule ya Sandy Hook, Marekani, Desemba 2012. Hakutaka kuongeza gemu nyingine ya kufyatua risasi duniani.

Kwa swali letu la kutosha au kutotosha, uamuzi huo una matokeo yake. Anayehesabu vitu vya kufanya kwa idadi ya silaha na maadui ataona kabati tupu. Mimi naona ndio uliookoa gemu. Kiumbe usiyeweza kumpiga unalazimika kumsoma: anapita saa ngapi, anavutwa na taa au mlio wa injini, unaweza kujificha wapi. Cyclops imejengwa juu ya hilo. Kuna wakati utaizima injini, utazima na taa, usimame gizani usukani ukiwa mkononi, huku kitu kikipita nje ya kioo.

6. Chagua namna ya kucheza kwa akili

Kuna namna nne. Ile ya kawaida ina njaa, kiu na hewa, anza nayo. Freedom inaondoa njaa na kiu, na inamfaa mwenye muda mchache anayetaka safari na hadithi bila kukamata samaki wa kula kila baada ya kitambo. Hardcore ni uhai mmoja: ukifa, faili lako limekwenda. Creative inakupa kila kitu bure bila hadithi, uwanja wa kujengea tu, na ukianzia huko umejiharibia yale yote niliyoyasema kwenye kidokezo cha tatu.

7. Hifadhi mwenyewe

Kwenye kompyuta gemu haijihifadhi yenyewe njiani. Umeme ukikatika, umerudi ulipohifadhi mara ya mwisho. Hifadhi kila ukirudi nyumbani.

8. Nyumba chini ya maji ni gemu ya pili

Kuna watu wamekaa humu saa mia na zaidi kwa sababu ya ujenzi, na nawaelewa. Unaunganisha vyumba na korido, unaweka bustani za ndani, kitanda, mashine ya kuchuja maji ya chumvi, chumba cha skana kinachokuonyesha madini yaliyo jirani, na bwawa la kuegeshea Seamoth linalofunguka kwa chini. Unaweza kuangua mayai ya viumbe kwenye tangi refu la ghorofa kadhaa na kukaa kuwatazama wakikua. Mwisho wa 2022 lilitoka sasisho lililoleta vyumba vikubwa na kuba za vioo kutoka gemu iliyofuata, bila malipo ya ziada.

Kuna na hesabu. Karibu kila kipande unachoongeza kinapunguza uimara wa jengo, vioo zaidi, na kadiri ulivyo chini ndivyo jengo linavyochoka haraka. Likizidiwa, ukuta unapasuka, maji yanaingia, nawe unakimbia chumba kwa chumba na kifaa cha kuzibia. Umeme nao lazima uutafute: paneli za jua zinafaa karibu na uso wa maji, chini kabisa utahitaji joto la ardhini au kinu cha nyuklia.

Ushauri wangu ni kujenga kibanda kidogo mwanzoni, na jumba lako la ndoto ulijenge ukiwa umekwisha kufika nusu ya safari. Ukijenga jumba mapema mahali pa juu utaona uvivu kuondoka.

9. Ukimaliza, umemaliza

Hapa ndipo wenye mashaka wana hoja. Mwisho wa Subnautica ni mzuri, labda mzuri kuliko gemu nyingi za aina yake, lakini baada yake hakuna cha ziada kilichofichwa. Hakuna kuanza upya na silaha zako za zamani, hakuna bahari mpya. Ukirudi utakuta kila pango palepale na kila mnyama kwenye kona yake.

Mara ya pili ina raha yake kwa wachache: Hardcore kwa mwenye roho ngumu, na kwenye kompyuta kuna nyongeza zinazotengenezwa na wachezaji wenyewe. Nitrox inawezesha kucheza na wenzako, jambo ambalo gemu asili haina. Deathrun inafanya sayari nzima ikuchukie. Ni vitu vya bure vinavyotegemea kujitolea kwa watu, kwa hiyo usinunue gemu kwa ajili yao.

10. Below Zero ije baada, isije badala

Subnautica: Below Zero ilikamilika Mei 2021. Ni sayari ileile upande wa barafu, na safari hii unamcheza Robin Ayou, anayetafuta ukweli wa kifo cha dada yake Sam. Robin anaongea, hadithi inamwongoza zaidi, ramani ni ndogo na haizami sana kama ile ya kwanza. Sehemu za nchi kavu, zenye theluji na kigari cha kuteleza, ndizo dhaifu kuliko zote. Ni gemu nzuri kwa aliyekwisha kuipenda ya kwanza akataka kurudi majini. Aliye na pesa ya moja asihangaike kulinganisha.

11. Tahadhari na bahari isiyokamilika

Subnautica ilianza kuuzwa Desemba 2014 ikiwa bado inajengwa, na ilikamilika Januari 2018. Walionunua mapema walisaidia kuifadhili na kuirekebisha, na wanastahili shukrani. Lakini wengi wao waliyaona mapango kabla hayajapakwa rangi, wakakutana na wanyama wakiwa wamekwama ukutani, na hadithi ilipowekwa mwishoni wao walikuwa wenyeji tayari. Waliotumia ugeni wao kwenye jengo lenye jukwaa la mafundi hawakurudishiwa.

Ndiyo maana sina haraka na Subnautica 2. Ilipangwa kuanza kuuzwa 2025, ikasogezwa hadi 2026 huku mmiliki wake Krafton, kampuni ya Korea Kusini, akiburuzana mahakamani na viongozi wa zamani wa studio, Cleveland akiwa mmoja wao. Nayo ilipangwa kuingia sokoni kwanza kama toleo lisilokamilika. Ina kivutio kikubwa: mnaweza kuzama hadi wanne pamoja. Kwa wanaopenda kucheza kikundi, huenda hicho peke yake kinatosha. Mwenye kutaka ile hofu ya kuwa peke yake asubiri ikamilike.

12. Mashine, bando na bei

Kwenye kompyuta inataka nafasi ya GB 20 hivi na RAM ya GB 8 ili ucheze bila kero. Laptopu ndogo ya ofisi itakohoa. Hata kwenye mashine nzuri kuna kasoro ambazo hazijawahi kuisha: miamba inayochelewa kujichora unapokwenda kasi, samaki wanaopenya kuta, na faili la mtu mwenye majumba mengi likizidi kuwa zito. Mwenye bando la kupimia apakue usiku kwa vifurushi vya bei nafuu. Baada ya hapo gemu haihitaji intaneti kuchezwa, na ni moja ya chache za siku hizi unazoweza kuzicheza mtandao ukiwa umekufa kabisa. Ipo pia kwenye PlayStation, Xbox na Switch, na mwaka 2025 lilitoka toleo la simu. Simu inatosha kwa kuonja, ila kioo kidogo na giza la mita 500 haviendani.

Bei yake kamili ni dola 29.99, na mara kadhaa kwa mwaka hushushwa hadi sehemu ndogo ya hiyo. Hakuna sababu ya kulipa kamili leo kama unaweza kusubiri. Na kabla ya kulipa hata senti, kama una akaunti za zamani, zifungue uangalie maktaba yako: Epic waliigawa bure Desemba 2018, na Sony nao waliigawa kwa wenye PlayStation mwaka 2021. Wapo watu wanaouliza kama inafaa kununuliwa na wanayo tayari.